Alama Nyeupe za Kibati

Sisi watu wa Goma hatusemi kwamba njia imefungwa. Tunasema imefunga. Njia imefunga, basi, kama mtu anavyosema mvua imenyesha, na hakuna anayeuliza nani kaifunga, kwa sababu jibu hubadilika kila msimu na kulitamka kwa sauti kubwa si busara. Nimefundisha jiografia miaka mingi katika shule moja ya Keshero, karibu na ziwa, na kila nilipochora mji wetu ubaoni niliona ninachora gunia. Kusini ziwa. Mashariki mpaka, ambao hufunguliwa na kufungwa kwa kadiri wakubwa wanavyopenda. Kaskazini mlima wenye moto. Magharibi njia ya Sake, ambayo vita huikalia vikichoka kwingine. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunyoosha kidole akauliza, "Madame, sasa sisi tunatokeaka wapi?" Nilimwambia aandike tarehe kwanza.

Ndiyo maana nilicheka siku nilipoalikwa kuingia katika komite ya kupanga njia. Njia ya kwenda wapi? Lakini waliniambia wanataka mtu anayejua kusoma ramani na aliyezaliwa huko juu, na mimi nilizaliwa Kibati, chini kabisa ya mlima, ambako baba yangu bado anaishi. Nilikubali. Sitajidai kwamba ni kwa kupenda mazingira. Nilikubali kwa sababu ya barabara kubwa ya kaskazini, ile ambayo baba yangu aliishuka ujana wake wote kwa chukudu.

Chukudu, kwa asiyeijua, ni ubao mrefu wenye magurudumu mawili ya mti na usukani wa mti. Haina injini wala mnyororo. Kwenye mlima unaisukuma, kwenye mteremko unapiga goti moja juu yake, unapiga kelele "Pisha!", na mengine unamwachia Mungu pamoja na kipande cha mpira wa tairi unachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma ukitaka kusimama. Baba alishusha kabichi, viazi na mbao. Goti lake la kulia lina ngozi ngumu hadi leo, na akikaa kanisani hulipapasa wakati wa mahubiri. Nilipokuwa mdogo barabara ilikuwa yao. Baadaye ilikuwa ya malori, na chukudu zikasukumwa ukingoni, na ukingoni kwetu ni makoro, yale mawe makali meusi ya lava. Watu walikufa hapo. Nawajua wawili waliokula mezani kwetu.

Mpango wa komite ulikuwa mzuri, na nitausema hivyo hata sasa. Njia nyembamba ya chukudu na ya watu wa miguu peke yao, itoke Kibati, ifuate ukingo wa lava ya zamani, ishuke mpaka Murara sokoni. Kila mdomo wake uzibwe kwa makoro makubwa, gari lisipite. Si kwa ajili ya usalama tu. Huko juu mbuga iko jirani, na sote tunajua yanayotokea barabara pana ikifika kando ya pori: pori lenyewe hupanda lori, likashuka mjini likiwa makala, makaa ya kupikia. Chukudu nayo hubeba makala, sikatai, lakini haiwezi kubeba msitu. Njia ilipaswa kupita kati ya miti ambayo watu wa Kibati walikuwa wamekwisha kuipanda kwenye viwanja vyao tunavyoviita parsele, migrevilea na mikalitusi iliyosimama kwa mistari. Miti hiyo ndiyo inayoshika udongo wetu. Udongo wa Kibati ni mchache, umelala juu ya mawe kama blanketi fupi juu ya mtu mrefu.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Mti uliosimama kando ya mstari wa njia ubaki, na upigwe alama ili mafundi wasiuguse. Mti usio na alama, uliosimama katikati ya mstari, uondolewe.

Tulibishana kuhusu rangi ya alama asubuhi nzima. Wakati huo wote tulijiona watu wa maana sana. Rangi nyekundu tuliikataa haraka, kwa sababu katika mji huu ukiona X nyekundu kwenye ukuta wako unajua serikali inakuja kubomoa. Nimeona mwanamke akitoa milango yake mwenyewe kwenye bawaba siku hiyohiyo ya X, ili mbao zake zisife pamoja na nyumba. Buluu ilionekana ni ya watu wa misaada. Kijani haionekani kwenye mti. Tukachagua nyeupe. Nyeupe ni ya amani, alisema papa mmoja, mzee wa komite, na sote tukaitikia kwa vichwa. Tulitazama rangi mpaka tukachoka. Umbo la alama halikutajwa na yeyote. Kila mtu alijua kwamba kuweka alama ni kupiga X.

Lazima niseme kidogo kuhusu parsele ya baba yangu, maana kila kitu kilitokea hapo. Imezungukwa na ua wa miyenzi, yaani minyaa. Mbele yake, kuelekea kule njia ingepita, alipanda mstari wa migrevilea siku zile alipoacha kuendesha chukudu akaanza kuzitengeneza. Nyuma ya mstari huo, kando kidogo, amezikwa mama yangu. Kaburi ni lundo la makoro yaliyopangwa vizuri, na msalaba wa mti ambao baba huubadilisha ukioza. Mbele ya kaburi, pale njia ingepita, kulikuwa na mti mmoja uliokaa peke yake, nje ya mstari wa migrevilea, mti wa maua ya njano tunaouita musave. Mama aliupanda kwa mkono wake, akaupanda vibaya, katikati ya mahali pa kupitia, na baba alimsema kwa ajili ya mti huo mpaka alipofariki. Baada ya hapo hakuusema tena. Alihamishia kiti chake chini yake.

Mara nyingi nilimwomba ashuke akae kwangu Keshero. Vita vilikuwa vikija karibu, vinarudi, vinakuja tena. Kila wakati jibu lilikuwa moja.

"Mama," huniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, "nani atakaa na huyu?"

Na huyu alikuwa kaburi na mti, vyote kwa pamoja. Nilikasirika kila mara. Hasira yangu ilikuwa ya mtu anayeogopa, lakini haikuwa hasira ndogo kwa sababu hiyo.

Timu ya rangi ilipanda Kibati wakati wa mitihani, nami nilikuwa nasahihisha. Ilikuwa kazi ya siku moja, na waliifanya vizuri, kwa usafi, kila mti kwa urefu wa kifua. Baba yangu alipiga simu jioni. Mtu wa nje hawezi kujua, lakini baba hupiga simu pale tu betri inapotaka kufa, kwa kuamini kwamba kuongea ikiwa imejaa ni kuiharibu bure.

"Mama, batu ya rangi balipita. Banatuandika."

"Papa, najua. Sikiliza, ile alama…"

"Musalaba. Kwa miti yote. Hata kwa jirani. Tunaongea na batu hapa, tutaona cha kufanya."

"Papa, musifanye kitu. Ile alama maana yake…"

Simu ilikuwa imekwisha kuzima. Nilibaki na yangu sikioni, nikiwa bado naeleza. Sikuhangaika sana, nakiri, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku bila mtihani, na kutoka Keshero hadi Kibati ni mwendo wa moto, yaani pikipiki, na hauchukui asubuhi yote. Ningepanda nikamweleza nikala viazi vyake nikarudi.

Asubuhi, njia ilikuwa imefunga.

Nilienda hata hivyo. Nilipanda moto mpaka pale ambapo dereva alikataa, kisha nikatembea mpaka pale askari walipokataa. Bariere, kizuizi chao, ilikuwa kamba tu, iliyofungwa kwenye kopo la rangi lililojazwa mawe upande mmoja na kwenye mti wa umeme upande wa pili. Kamba ya kuanikia nguo. Nilimwambia askari kwamba mimi ni mwalimu, kwamba niko katika komite ya njia, kwamba nina ujumbe muhimu kwa watu wa Kibati. Aliniuliza ujumbe gani. Nikamwambia unahusu miti. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mama, rudia nyumbani. Hapa njia imefunga."

"Iko wazi," nikasema. "Naona watu."

Nilikuwa nawaona. Walikuwa wakija kwa wingi, magodoro kichwani, mbuzi, sufuria, watoto migongoni, na chukudu zimebeba wazee waliokaa juu ya mizigo. Lakini wote walikuwa wakishuka. Huwezi kumpa mtu anayeshuka ujumbe wa kupanda. Nilisimama pembeni nikatafuta uso wa jirani yeyote wa baba, nikampata mama mmoja wa parsele ya tatu, nikamuuliza baba yangu yuko wapi. Alibaki, akasema. Ana kazi. Kazi gani? Akafanya kwa mkono, juu chini, juu chini. Shoka.

Sijui niueleze vipi mkao wa siku zile. Nyumba yangu ya Keshero ina mlango wa jiko unaotazama kaskazini, na mlima wote huingia humo asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Nilikoroga uji nikiutazama. Nilijua kitu kimoja chenye faida maishani mwangu, maneno matatu tu, kwamba alama ni ulinzi, na watu waliohitaji kuyasikia walikuwa pale, chini ya ule moshi, mahali ambapo nikipanda paa la shule ningeweza kupaona. Simu ya baba ilikuwa imezimwa. Kibanda alikochajia kilikuwa kimefungwa, na mwenye kibanda nilikutana naye Murara akiuza sabuni. Ujumbe wangu haukuwa na pa kufikia. Nilikwenda bariere tena, na tena. Askari alianza kunisalimia kama mtu wa familia. Mimi, mpanga njia, nilikuwa nafungwa na kamba ya nguo.

Nilianza kuwa mbaya kwa watu. Nilimjibu mkurugenzi wangu vibaya. Kwenye mkutano wa komite, papa yule wa rangi ya amani aliposema tuwe na subira, kila jambo na wakati wake, nilimwambia kwamba wakati wa miti ni miaka na wakati wa shoka ni asubuhi moja, na nikatoka nje. Nje hakukuwa na mahali pa kwenda. Nilizunguka ua, nikarudi ndani, nikakaa. Wakaendelea na ajenda kwa heshima kubwa.

Kisha siku moja njia ilifunguka, na kama kawaida hakuna aliyesema ni nani kaifungua. Nilipanda na moto wa kwanza aliyekubali.

Kabla sijaona chochote nilisikia harufu. Mti wa grevilea ukikatwa una harufu chachu kidogo, ya kitu kibichi, na huko juu upepo mzima ulikuwa huo. Baadaye nikaona visiki. Vilikuwa vyeupe ndani, vya urefu mmoja, parsele baada ya parsele, kwa mstari ulionyooka kabisa. Nilikuwa naiona njia yetu. Mchoro wa komite ulikuwa umechorwa ardhini kwa visiki, wazi kuliko tulivyowahi kuuona kwenye karatasi. Moshi wa matanuri ya makala ulitoka huku na huko. Mama mmoja aliyekuwa akifunga kuni alinitambua akasimama wima, na usoni alikuwa na furaha.

"Mama mwalimu, tulibawahi!"

"Muliwawahi nani?"

"Leta. Balikuwa banataka kubeba miti yetu. Balikuta tumeisha kata."

Leta ni serikali. Nilimsalimia nikamwambia pole na kazi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Migrevilea yote ya mbele ilikuwa chini, imekwisha kupasuliwa mbao, zimepangwa kwa kupishana ili zikauke, kazi safi ya fundi. Matawi yalikuwa yamechomwa, na mahali pa moto palibaki duara kubwa la jivu. Ua wa miyenzi ulionekana mfupi na wa aibu bila miti nyuma yake. Katikati ya uwazi huo wote ulisimama musave wa mama yangu, na maua yake ya njano, peke yake.

Aliinuka akanishika mikono yote miwili. Alikuwa amekonda. Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa juu ya kisiki, na kabla sijafungua mdomo alinyoosha kidole kwenye mti.

"Huu hawakuuandika," alisema. "Uliona? Baliandika yote, huu baliuacha. Mama yako alibafukuza."

Akacheka. Sijui mara ya mwisho nilikuwa nimemsikia akicheka vile. Alikuwa amekata miti aliyoipanda kwa mikono yake, mmoja mmoja, chini ya milio ya bunduki, na moyoni alikuwa mshindi, kwa sababu ule mmoja aliouhitaji ulikuwa umeachwa. Niliutazama mti huo usio na alama. Nilijua kanuni. Nilikuwa nimeinua mkono kuipitisha.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, nikanywa maji aliyonipa, nikayanywa polepole. Lakini mafundi wangekuja siku moja na mchoro wao, na wangemkuta amekaa hapo.

"Papa, ile alama ni yetu. Ni ya komite."

"Komite yako?"

"Ilikuwa ya kuilinda. Mti wenye musalaba hakuna mtu wa kuugusa. Mafundi wapite kando yake."

Aligeuka akazitazama mbao zake, kisha visiki, kisha mikono yake. Alilipapasa goti lake la kulia. Kuku alipita kati yetu akichakura kwenye maranda.

"Nyinyi mulisoma sana," alisema mwishowe, bila ukali. "Mulishindwa kuandika 'Acha'? Batu ya hapa banajua kusoma."

Aibu ilinipanda, na mimi aibu ikinipanda hugeuka hasira njiani.

"Na nyinyi mulishindwa kungoja? Nilikuambia usifanye kitu!"

"Kungoja nani, mama? Njia ilikuwa imefunga."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mti uliokatwa ni zaidi ya maji. Halafu nikamwona akianza kufikiri. Nilimwona kabisa, kwa sababu macho yake yalitoka kwenye visiki yakaenda mpaka kwenye musave, yakapanda shina polepole, yakasimama pale kwa urefu wa kifua, ambapo gome lilikuwa safi.

"Na huu?" aliuliza. "Huu usio na musalaba?"

Yeye ni mtu wa njia, aliziishi kabla mimi sijazaliwa. Aligeuka akafuata mstari wa visiki kwa jicho moja, kama anavyotazama ubao kuona umenyooka, na jicho lake lilipofika mwisho wa mstari lilikuta mti wa mama yangu umesimama katikati ya njia. Aliinama akaokota kibanzi akakivunja vipande vidogo.

"Basi uandike," alisema. "Uandike leo."

Sikuwa nimebeba rangi. Kopo la rangi la komite lilikuwa kwangu Keshero, kwa sababu katika mkutano mmoja niliwahi kusema rangi isiachwe ofisini itaibwa, na nikapewa niitunze. Nilimwambia kesho. Nitashuka, nitalichukua, kesho asubuhi nitapanda nalo. Alinisindikiza mpaka barabarani, polepole, akiwasalimia majirani waliokuwa wakijivunia visiki vyao, na hakuwaambia chochote. Nilipotaka kuwaambia alinishika mkono.

"Acha balale vizuri leo," alisema. "Nitabaambia mwenyewe."

Nilishuka. Usiku huo milio ilianza tena upande wa kaskazini, na kulipokucha hakuna aliyehitaji kuniambia.

Imepita miezi sasa. Njia inafunguka kwa mizigo ya wenye nguvu, inafunga kwa watu wa kawaida. Mara nyingine nasikia ilikuwa wazi jana jioni na leo imefunga. Kopo liko chini ya kitanda changu, pamoja na brashi. Kazi ya njia, ambayo sote tulidhani itasubiri amani, imeanza upande wa juu, kwa sababu vijana wa Kibati waliobaki walitaka kazi na makoro yako palepale, hayahitaji lori. Wanayavunja kwa nyundo, wanasawazisha, wanashuka kidogo kidogo kuelekea kwa baba. Inasemekana ni njia nzuri. Kivuli tu ndicho hakipo.

Niliomba komite ipindishe mstari. Walinisikiliza vizuri, wakakubali kwamba inasikitisha, wakasema kila mtu huko juu ana mti wake, na mwingine choo chake, na tukianza kupinda kwa ajili ya baba wa mwanakomite, njia itafika Murara imejikunja kama utumbo. Kanuni ipo, walisema. Piga alama, na hakuna atakayeugusa. Nilimtafuta kwa simu msimamizi wa mafundi, kijana mwenye adabu, nikampata siku moja rezo, yaani mtandao, ilipokuwa nzuri.

"Mama, mimi nafuata alama," alisema. "Rangi nyeupe, nitauacha. Bila rangi batasema nilimupendelea muzee. Kuya na rangi tu."

Nije na rangi tu. Nimekwisha kwenda bariere na kopo hilo ndani ya mfuko wa mboga. Askari wamebadilishwa, wa sasa hawanisalimii. Mmoja alilifungua akanusa akaniuliza nataka kupaka nini. Nilipomwambia ni mti wa marehemu mama yangu alinirudishia kwa upole akanionyesha mji kwa kidole. Kuna saa nakaa jikoni, mlima mlangoni, na nahisi kifua kimefungwa kwa ile kamba ya nguo. Nimefundisha watoto wa watu mizani ya ramani, sentimita moja kwa kilomita moja. Kwenye ramani yangu, kutoka kopo mpaka mti ni urefu wa kidole.

Baba sasa hupiga simu betri ikiwa imejaa. Kibanda kimefunguliwa tena, na anaamka mapema kuchaji. Haniulizi habari za shule wala za wajukuu.

"Rangi inakuja lini?"

"Njia ikifunguka, papa."

"Bamefika kwa jirani wa pili. Nasikia nyundo."

Mtu aliyekata mstari wote wa miti yake kwa sababu ya alama, sasa anaisubiri kama mvua. Aliwaambia majirani ukweli, kama alivyoahidi, kwa wakati wake. Anasema hawakukasirika, walikaa tu, mmoja mmoja akaenda zake. Mama yule aliyenishangilia alimpelekea mche wa grevilea kwenye mkebe.

Wiki iliyopita sauti yake ilikuwa tofauti, nyepesi. Alisema ameuandika mwenyewe. Nilishtuka, nikamuuliza ameuandika na nini, kwa sababu Kibati leo hakuna mwenye rangi. Akaeleza: anakoroga jivu na maji mpaka liwe zito, anachovya kitambaa, anapiga musalaba pale kwa urefu wa kifua. Likikauka linakuwa jeupe kabisa, ukiwa mbali huwezi kutofautisha. Tatizo ni mvua tu. Mvua ikinyesha linaoshwa, na kwetu inanyesha karibu kila siku, kwa hiyo anauandika upya kila asubuhi kabla nyundo hazijaanza. Msimamizi alipita juzi, akasimama, akautazama, akaendelea na safari yake.

"Papa, jivu litakwisha," nilimwambia. Nilitaka tu kumsikia akiendelea kuongea.

"Haliwezi kwisha, mama," alisema. "Njo jivu ya ile miti. Iko mingi."